Pad ya Mtoto wa Jirani

Kiharusi kilimpata Baba asubuhi ya Jumapili, akiwa ameshavaa shati la kanisani na kulifunga vifungo hadi shingoni. Aliporudi kutoka hospitalini, mdomo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake na mguu alikuwa anauburuta kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Ulikuwa mzito, na vidole vilijikunja vyenyewe, kana kwamba vimeshika kitu ambacho sisi hatukioni.

Baba alikuwa dereva wa trekta. Alilima mashamba ya utafiti pale Kiboko tangu ujana wake hadi alipostaafu, na hata baada ya hapo watu wa vijiji vya jirani walimfuata nyumbani kila msimu wa kulima, kwa sababu mistari yake ilikuwa imenyooka. Mikono yake ilinuka dizeli hata akitoka kuoga. Sasa mtu wa mazoezi ya viungo alikuwa amempa mpira mdogo wa raba na kumwambia awe anaubana asubuhi na jioni.

"Mimi si mtoto," Baba alisema, na baada ya siku chache mpira ule ukaonekana mdomoni mwa mbwa.

Mimi nakaa Kitui mjini, ambako nauza mbegu na dawa za mifugo. Baada ya Baba kuugua nilianza kwenda nyumbani mara kwa mara, napitia Mutomo hadi Kibwezi, halafu napanda barabara kuu hadi Kiboko. Mama alihitaji mtu wa kumsaidia kumwogesha Baba, ingawa Baba mwenyewe hakutaka kuogeshwa na binti yake na alinifukuza kila nilipokaribia na karai.

Jumamosi moja nilifika mapema. Mama alikuwa shambani anachuma pojo. Nilipokuwa nafungua lango nilisikia gari linanguruma, na nikazunguka nyuma ya nyumba kuona ni nani amekuja na gari. Hakukuwa na gari. Mlio ulikuwa unatoka katika chumba cha kaka yangu.

Nilisukuma mlango. Baba alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kaka, fimbo imeegemea ukutani, na mbele yake ile televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa ilikuwa inaonyesha barabara ya milimani. Mapajani alikuwa na pad, kile kifaa cha mashine ya gemu kinachoshikwa kwa mikono miwili na kuendeshwa kwa vidole.

"Funga mlango," akasema bila kugeuka.

"Baba, unacheza gemu?"

"Sichezi. Naendesha."

Nilikaa kando yake nikamtazama. Ilikuwa gemu ya mashindano ya magari. Magari mengine yote yalikuwa yameshapotea mbele. La Baba lilikuwa linapanda mlima taratibu, upande wa kushoto wa barabara, na kila likikaribia kona lilipunguza mwendo. Juu ya kioo maandishi mekundu yalikuwa yanamwambia kwamba yeye ni wa mwisho.

"Mbona unaenda polepole hivyo?"

"Huoni mteremko ule? Hao wote wanaenda kupinduka."

Kisha gari likayumba, likavuka barabara, likagonga ukuta wa mawe. Baba aliguna. Gumba lake la kushoto lilikuwa linahangaika kusukuma kijiti cha usukani, nacho kilikuwa kimeinama upande mmoja na hakikurudi katikati.

Hapo inabidi nieleze kuhusu kaka yangu na mashine hiyo.

Kaka ni kitinda mimba wetu. Alipomaliza chuo alikaa nyumbani bila kazi kwa muda mrefu, na mashine ile, ambayo hata wakati huo ilikuwa imepitwa na wakati, aliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Alicheza kutwa. Baba alikuwa anatoka shambani na vumbi hadi kwenye kope, anapita dirishani, anamwona kijana wake mzima amekaa gizani na mapazia yamefungwa, na hasira inampanda. Alimwita mvivu. Alisema mashine ile ni ya shetani, na akalisema hata kanisani, wakati wa maombi, bila kutaja jina, lakini kila mtu alijua. Siku moja alipita dirishani akasikia kicheko, akaingia, akamnyang'anya kaka pad, akaichomoa waya na kuirusha uani. Ilianguka juu ya jiwe la kufulia nguo. Kaka aliiokota, akaipangusa. Miezi michache baadaye alipata kazi ya ghala kule Uarabuni akaenda. Alimuaga Mama. Baba alikuwa shambani, na kaka hakumfuata huko.

Tangu wakati ule waliongea kwa simu kila Jumapili, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya salamu tu, hata baada ya Baba kuugua. Mvua imenyesha? Imenyesha. Kazi iko? Iko. Haya, ongea na mama yako.

Kwa hivyo siku ile, nilipoitazama pad iliyoinama kijiti, Baba aliniona ninavyoitazama.

"Ni mimi," akasema. "Najua ni mimi." Halafu akaongeza: "Usimwambie."

"Lakini Baba, atafurahi sana."

"Nimesema usimwambie. Nikimwambia mtu kitu ni cha shetani, halafu nikikiweka mapajani, mimi ni mtu gani?"

Nilimwahidi. Mama alikuwa ameshaahidi kabla yangu. Ndiye aliyekuwa anamwashia mashine na kumwekea sidii ndani, na wazee wa kanisa wakija kumwombea, ndiye aliyekuwa anakimbilia chumba kile kuifunika kwa kitambaa cha meza. Mara moja alisahau kuzima sauti, na sala yote ikafanywa huku injini inanguruma nyuma ya ukuta. Mchungaji alipomaliza aliuliza kama jirani amenunua jenereta.

Nilichokiona mimi, na Mama pia alikiona, ni kwamba vidole vya kushoto vilikuwa vimeanza kufunguka. Kitu ambacho mpira wa raba haukufanya, kijiti kile kibovu kilikuwa kinafanya. Nikaamua nitamtafutia pad nyingine.

Nilidhani ni jambo dogo. Kitui kuna maduka mengi ya vitu vya umeme, na kwenye duka la kwanza nilikuta pad mpya, nyeusi, inang'aa. Nikaipeleka nyumbani kwa furaha. Baba aliishika, akaigeuza, akajaribu. Ilikuwa nyepesi kama chupa tupu na ilimteleza mkononi. Kijiti kilikuwa kigumu. Alikisukuma hadi mshipa ukasimama shingoni, gari likageuka kidogo tu, likaingia mtaroni.

"Hii imetengenezwa kwa mtu mwenye hasira," akasema, akairudisha ndani ya boksi.

Nyingine niliagiza Nairobi, ya bila waya. Nilifikiri waya ndio unaomsumbua. Hiyo ilikuwa laini, lakini ilichelewa. Baba aligeuza na gari likafikiria kwanza ndipo likageuka. Alisema ni sawa na kumtuma mtu akuendeshee, wewe ukikaa nyuma unampigia kelele.

Basi nikarudi Kitui kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani na ambaye Kiswahili chake kinatufanya sisi wengine tuone aibu kufungua mdomo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani yake.

"Dada yangu, sitaki kukudanganya," alisema. "Mashine hiyo waliitengeneza wakaiacha. Pad za asili zimekwisha. Zilizobaki ni hizi za kuigiza, nazo zina sura lakini hazina roho. Ila babako si dereva? Ngoja."

Akaingia stoo akatoka na usukani. Usukani kamili, mdogo, mweusi, wa kufunga kwenye meza. Nilipouona moyo wangu uliruka. Nilijiuliza kwa nini sikufikiria kitu hiki tangu mwanzo. Njia nzima hadi Kiboko nilikuwa nimeupakata kama mtoto.

Mama alisaidia kuufunga kwenye meza ya kusomea ya kaka. Baba alikuja, akasimama mlangoni, akautazama. Alikaa. Mkono wa kulia akauweka mahali pake bila kufikiri. Wa kushoto aliuinua kwa kuusaidia na ule wa kulia, akauweka nao mahali pake. Ulikaa kidogo. Alipogeuza usukani kuingia kona ya kwanza, mkono wa kushoto ulianguka juu ya meza, ukapiga mlio wa kitu kisicho na uhai. Akauinua tena, na ukaanguka tena. Gari lilikuwa limesimama katikati ya barabara, na yeye alikuwa anautazama mkono wake pale mezani.

"Toa," akasema.

"Baba, tukijaribu kuushusha kidogo..."

"Mwiitu, binti yangu, toa kitu hiki mbele yangu."

Nilitoa. Wiki zilizofuata hakuingia tena chumba kile. Mama aliniambia kwa simu kwamba anakaa nje tu, anatazama malori yanavyoshuka kuelekea Mombasa, na vidole vimeanza kurudi kujikunja. Mpaka leo nikiona usukani wa aina ile dukani nageuza uso.

Ndipo nikafanya kile ambacho hakikukatazwa waziwazi. Jumapili kaka alipopiga simu, nilitoka nayo nje nikamuuliza kuhusu pad.

"Ya nani?" akauliza, akicheka. "Wewe hata kuwasha mashine hujui."

Nilikuwa sijajiandaa. "Kuna mtoto wa jirani," nikasema. "Anakuja kucheza. Mkono wake mmoja una shida, alizaliwa hivyo. Hizi pad mpya zinamuumiza."

Kaka akaacha kucheka, akawa mtu mwingine. Sijawahi kumsikia anaongea na mimi kwa makini vile. Aliuliza ni mkono upi, ni vidole vipi vinavyofanya kazi, anacheza gemu gani. Nilimjibu kila swali nikiwa namtazama Baba aliyekaa upande wa pili wa uwanja na fimbo kati ya magoti, asijue kwamba anaongelewa.

"Mwambie huyo mtoto aachane na mpya," kaka alisema. "Anataka ile ya kwanza kabisa, iliyokuja na mashine. Tena iliyotumika sana. Springi ya kijiti inakuwa imechoka, ukigusa tu inaenda. Watu wanaitupa wakidhani imeharibika, na kwake yeye ndiyo itakuwa nzuri." Akafikiri. "Kuna mama pale Malili alikuwa na kibanda cha gemu, nyuma ya maduka ya barabarani. Nilikuwa nashuka pale nikitoka chuo. Kama hajahama, atakuwa nazo."

Kabla ya kukata simu akasema, "Mwambie asikate tamaa. Mwambie nimesema."

Nilisimama pale nje na simu imezimika mkononi. Ingekuwa rahisi sana kuvuka uwanja na kumwambia Baba maneno yale. Sikuvuka.

Malili nilienda peke yangu kwanza. Nilimkuta yule mama akiuza maji na soda kwenye mlango wa kibanda kilekile. Ni mnene, mcheshi, na gemu alikuwa ameshaacha. Vijana wote siku hizi, aliniambia, wana simu, na simu haihitaji kibanda. Lakini nyuma ya pazia mabenchi yalikuwepo bado, na chini ya benchi moja gunia la pad. Alizimwaga sakafuni. Nyaya zilikuwa zimesokotana, vitufe vimefutika alama, nyingine zimetafunwa pembeni.

"Chagua," akasema.

Nikaanza kushika moja moja na kubonyeza. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa.

"Sasa mama, unamchagulia mtu kiatu kwa mguu wako? Mlete mwenyewe."

Nilimwambia ni mzee, anaumwa, na kutoka Kiboko ni mbali. Akasema mbali ni kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Nilimleta. Nilikodi gari la jirani yetu na Baba akakaa mbele. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka tangu hospitali ilipomruhusu, na tangu tulipoingia barabara kuu alikuwa mtu mzima tena. Alimwambia dereva lini apite lori na lini asubiri. Emali alitaka tusimame anunue machungwa, ingawa kwetu Kiboko machungwa yamejaa. Salama, ambako malori hupanda kwa shida, alieleza habari za gia kwa kirefu mpaka dereva, ambaye ni kijana mpole, akazima redio amsikilize. Nilikaa nyuma, nikawa natazama kisogo cha Baba na kola ya shati lake la kanisani, maana alikuwa amesisitiza kulivaa.

Yule mama alimpokea kama mteja wa siku zote. "Karibu mzee. Kaa hapa, hapa ndipo walikuwa wanakaa mabingwa." Akawasha mashine yake ya zamani, akapiga kioo cha televisheni kwa kiganja hadi picha ikatulia, akachomeka pad ya kwanza. Baba alijaribu, akatikisa kichwa. Ya pili pia. Hakuwa na haraka. Alizishika kama anavyoshika jembe dukani, anapima uzito, anapitisha gumba juu ya kijiti, anafumba macho.

Aliyoichagua ilikuwa mbaya kuliko zote. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imegeuka manjano, na pembe moja ilikuwa na alama za meno ya mtoto wa watu. Raba ya kijiti ilikuwa imelika ikawa laini kama ngozi. Baba aliigusa tu kwa gumba lile la kushoto, na gari kwenye kioo likageuka. Akagusa upande wa pili, likarudi. Aliingia kona, akatoka. Akaingia nyingine.

"Hii inasikia," akasema.

Yule mama alichomeka ya pili akanipa mimi, kwa sababu, alisema, mtu hawezi kusafiri peke yake. Sikujua hata kitufe cha mafuta ni kipi. Gari langu liligonga kila kitu. Na Baba, ambaye angeweza kwa mara ya kwanza tangu aanze gemu ile asiwe wa mwisho, alisimamisha gari lake kando ya barabara pale mlimani, na akanisubiri mpaka nikafika.

"Fuata nyuma yangu," akasema. "Usiangalie hao wengine."

Tuliondoka na pad zote mbili. Mama yule alikataa kupunguza bei na akakataa pia kuongeza.

Msimu uliofuata ulikuwa mzuri. Vidole vilifunguka hadi Baba akaanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, kikiwa nusu. Kila nilipofika nyumbani tuliendesha pamoja, mlango umefungwa, na Mama akituletea muthokoi wa mahindi na maharagwe humohumo chumbani akilalamika kwamba amegeuka mpishi wa hoteli. Na kila Jumapili kaka akipiga simu aliuliza habari za mtoto wa jirani.

"Alipata ile pad?"

"Alipata. Ya Malili."

"Nilijua! Na mkono?"

"Unafunguka."

"Mwambie akifika ile kona ya daraja aachilie mafuta kabla, asishike breki."

Nilimwambia Baba, kana kwamba ni wazo langu. Alijaribu, akavuka daraja bila kugusa ukingo, akaniangalia pembeni. Nafikiri alijua maneno yale yametoka wapi. Hakuuliza, na mimi sikusema. Mara mbili au tatu nilimwona ameshika simu ya Mama baada ya mazungumzo kwisha, anaitazama, kisha anairudisha mezani. Nikajiambia kwamba kaka atapata likizo mwishoni mwa mwaka, atamkuta Baba mwenyewe kwenye kitanda chake na pad mapajani, na hapo hapatahitajika maneno. Mama naye alikuwa ameanza kuingoja siku hiyo. Alikuwa ameamua hata atasimama wapi ili aone uso wa kijana wake.

Kiharusi cha pili kilikuja kabla ya likizo. Baba alikuwa ananawa uso uani. Mama alisikia beseni linaanguka.

Safari hii kilichukua zaidi. Kilichukua mguu wote, na mkono ule wa kushoto, na kilichukua maneno. Macho yalibaki, na mkono wa kulia, na sauti moja ya kooni ambayo tulijifunza polepole kuitofautisha, ya kiu, ya maumivu, ya kutaka kugeuzwa.

Kaka alipewa ruhusa akaja. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na mvi chache ambazo sikuzitarajia. Alikaa na Baba mchana kutwa, akamlisha uji, akamnyoa ndevu. Jioni aliingia chumbani kwake kuweka mkoba, na akakaa humo muda mrefu. Mimi na Mama tulikuwa jikoni. Alitoka ameshika pad ile ya manjano.

"Hii si yangu," akasema.

Mama akaweka mwiko chini.

"Yangu iko kwenye droo, imevunjika. Hii ni ya nani? Na hii nyingine? Huyo mtoto wa jirani anacheza hapa, kwenye kitanda changu, na kuna fimbo ya Baba nyuma ya mlango?" Alisema maneno yale ya mwisho polepole, na nikaona yanavyomfikia yeye mwenyewe. Aliigeuza pad, akapitisha gumba lake juu ya ile raba iliyolika. "Jirani gani?" akaniuliza.

"Ni Baba," nikasema.

Nilimweleza tukiwa tumesimama palepale, chungu kiko motoni. Nilimweleza mlio wa gari niliousikia, na mkono ulioanguka kutoka kwenye usukani, na safari ya Malili, na kona ya daraja. Alicheka mahali fulani, nilipofika kwenye jenereta ya mchungaji, na kicheko kile kilibadilika kikiwa katikati, akageukia ukuta.

Baadaye alimwendea Baba, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba," akasema, "nimesikia ulikuwa unaendesha gari langu."

Baba alimtazama. Sauti ya kooni ikatoka, ndefu kidogo kuliko kawaida, halafu akageuza uso kuelekea dirishani. Kaka anasema alikuwa anacheka. Mama anasema ilikuwa aibu. Mimi nilikuwa mlangoni na sikujua, na sijui hadi leo.

Siku zilizobaki kaka alihamisha televisheni na mashine hadi chumba cha Baba, akacheza mbele yake. Alicheza vizuri sana, nilikuwa nimesahau. Baba alifuata kwa macho mpaka akachoka akalala, na kaka akapunguza sauti akaendelea. Alijaribu mara moja kumwekea pad kwenye mkono wa kulia. Vidole viliishika, lakini havikubonyeza. Kaka akamwachia, ikakaa pale juu ya blanketi mpaka usiku.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza hadi barabarani kusubiri basi. Malori yalipita na vumbi lake.

"Ungeniambia," akasema palipotulia.

"Alinikataza."

"Najua alikukataza." Akainua mkoba wake, akauhamishia bega la pili. "Ningeomba likizo mapema. Ningesema mama mgonjwa, ningesema chochote."

Basi likaja. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, kama mtu asiyekasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Afadhali angenigombeza.

Niliporudi nyumbani Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha Baba cha nje, anapepeta pojo. Nilichukua ungo wa pili nikakaa chini kando yake. Tulipepeta, mpaka akasema, bila kuinua kichwa:

"Baba yako katika maisha yake ametukataza mambo mengi. Alitukataza kufuga mbuzi. Alikukataza wewe kwenda Kitui. Tulifuga, na wewe ulienda." Akapuliza makapi. "Sasa sijui kwa nini hili moja ndilo tulilotii."

Ndani, Baba alitoa ile sauti ya kutaka kugeuzwa, na tukainuka sote wawili kwenda kumgeuza.